Uzoefu wangu: Old Boma, Dar es Salaam, anza na dari

Wageni wengi wa Old Boma, pale Sokoine Drive inapokutana na Morogoro Road, husimama mlangoni, wakapiga picha nakshi, wakaondoka. Mlango ni mzuri, sibishi. Lakini mwenye kutaka kulielewa jengo hili aingie, ainue macho, ahesabu boriti.

Sultani Majid bin Said alilijenga 1866–67 kwa ajili ya wageni wake, alipokuwa akianzisha mji mpya ng'ambo ya Zanzibar. Akafariki 1870, mji ukadorora. Wajerumani walihamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na chini yao nyumba ya wageni ikawa ofisi ya serikali. Ndiyo asili ya jina: mpaka leo watu huiita bomani ofisi ya mkuu wa wilaya.

Boriti hizo ni za mikoko. Mkoko ulionyooka ni mwembamba, na ukiulaza kuvuka mita 3 au zaidi, huanza kupinda. Ndiyo maana vyumba vya ujenzi huu wa pwani huwa vyembamba na virefu: upana huamuliwa na mti, urefu ni kiwanja chako tu. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha zege ya chokaa hugongwa kwa siku kadhaa hadi ishikane. Sakafu ya namna hiyo ni nzito mno, hivyo kuta za matumbawe hujengwa nene, nusu mita hivi.

Adui ni maji. Boriti huoza kwanza kwenye ncha iliyozikwa ukutani, mahali jicho halifiki, na mara nyingi chanzo ni ukarabati wenyewe. Chokaa hupitisha unyevu, saruji huufungia. Fundi akipiga plasta ya saruji juu ya matumbawe, maji yanayopanda kutoka ardhini hukosa pa kutokea, chumvi huganda nyuma ya plasta, nayo hubanduka na vipande vya jiwe. Ukuta uliovimba ukiugonga kwa kifundo cha kidole hulia kama debe tupu. Tiba ni kubandua saruji yote, kuacha ukuta ukauke, kisha kupiga chokaa tabaka nyembambanyembamba, kila moja ikinyunyiziwa maji isikauke haraka. Tabaka nene hupasuka, na kazi inarudiwa.

Tangu 2017 ndani kuna DARCH, kituo cha urithi wa usanifu majengo, chenye maonyesho ya jinsi mji ulivyokua. Kwangu mabango ni ya pili. Jengo lenyewe ndilo onyesho kubwa. Beba tochi ndogo, uimulike pale boriti inapoingia ukutani: rangi iliyokolea au alama ya maji hapo itakueleza hali ya paa.