Wayaringi mpya ya Yanmar GM kwenye mashua ya tanga: kipi ununue Kariakoo, kipi uagize

Seti kamili ya kiwandani ya wayaringi kwa injini za Yanmar GM (1GM10, 2GM20, 3GM30) ndiyo wenye mashua hukimbilia pindi waya za zamani zinapoota kutu ya kijani. Ina raha yake: soketi zinaoana, rangi ni zilezile, hukati kitu. Lakini kwa mashua inayolala majini ghuba ya Msasani mwaka mzima, sishauri uinunue. Inarudisha ugonjwa uleule, ila ukiwa mpya.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Umeme wa kuamsha solenoidi ya stata (swichi ya sumaku inayowasha mota ya kuzungusha injini) unatoka kwenye injini, unapanda hadi swichi ya ufunguo, kisha unarudi injini, na kwenda na kurudi unapita soketi ya pini nyingi. Swichi ikiwa mita 4 kutoka kwenye injini, hizo ni mita 8 za waya. Kwa waya wa 2.5 (unene wote humu ni kwa milimita za mraba) upinzani wake ni kama omu 0.056, solenoidi ikivuta ampea 30, volti 1.7 zimepotea njiani hata kabla ya kuhesabu soketi. Pini zikishika chumvi, ndipo unasikia "ta!" moja na stata haizunguki. Wengi hapo hununua stata mpya, nayo haikuwa na kosa.

Dawa yake ni rilei ya gari (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) ya volti 12, ampea 40, ile ya pini nne inayotumika kwenye taa na honi. Kwenye maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, utaipata bila kuzunguka. Nunua mbili pamoja na kikalio chake, moja ibaki akiba. Ifunge karibu na stata, juu kidogo ili maji ya chini ya injini yasiifikie. Pini ya 30 inakwenda kwenye bolti kubwa ya stata kupitia fyuzi ya ampea 30, pini ya 87 kwenye solenoidi, 86 inapokea waya kutoka swichi ya ufunguo, na 85 inakwenda kwenye bloku ya injini. Waya za pini 30 na 87 ziwe za 4, zisizidi nusu mita. Ule mrefu wa swichi sasa unabeba umeme mdogo sana, hivyo 1.5 unatosha.

Kwenye waya ndipo pesa inapopotea. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene usiuguse: mtetemo wa dizeli ya silinda moja au mbili unaukata kwenye terminali. Waya laini wa gari unavumilia mtetemo, lakini nyuzi zake ni shaba tupu, na hewa yetu ya chumvi inapenya chini ya plastiki hadi shaba inakuwa nyeusi na haishiki tena. Kinachofaa ni waya wa shaba yenye nyuzi nyingi, kila uzi umepakwa bati, kama wanaotengeneza kampuni ya Ancor. Ni ghali zaidi na mara nyingi utauagiza. Ukiagiza kwa vipimo vya Marekani, namba 14 ni kama 2 za mraba na namba 12 ni kama 3.3.

Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba, ambao bei yake huvutia. Kwangua uzi mmoja kwa kisu. Waya wa bati wa kweli ni mweupe nje na mwekundu ndani; wa alumini ni mwekundu nje na mweupe ndani; ukiwa mweupe hadi katikati, mrudishie muuzaji.

Kwa 2GM20 yenye paneli mita 4 kutoka kwenye injini, mita 30 za waya wa 1.5 zinatosha kwa stata, presha ya oili, joto la maji, taa ya chaji na waya mbili za mita ya mizunguko. Hizo mbili za mwisho zisokote pamoja, zikae mbali na waya wa alteneta. Ongeza mita 11 za waya wa 4 kwa chanya na hasi ya paneli na ile rilei.

Terminali za rangi za Kariakoo zinatumika, mradi uongeze mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani. Plaizi ya meno ya bei rahisi ndiyo sioni sababu ya kuinunua, kwa kuwa inatoboa terminali badala ya kuibana. Tafuta ile isiyoachia mpaka imalize kubana. Kulehemu kwa risasi peke yake hakufai pia: waya unakakamaa, kisha unakatika pale risasi inapoishia. Kwa kebo ya betri ya 35, peleka kwa fundi mwenye mashine ya haidroliki, na vichwa viwe vya shaba, si alumini.

Waya mfupi wa alteneta hadi stata uwe wa 10, hasa kama alteneta ni ya ampea 55. Kwenye injini nyingine za zamani zenye mita ya ampea, umeme wote wa chaji unapanda hadi paneli na kurudi. Toa mita hiyo, weka ya volti, na waya wa chaji uende chini moja kwa moja. Joto la muunganisho uliolegea nyuma ya paneli linaweza kuunguza mashua. Na usibadilishe taa ya chaji kuwa ya LED bila kuongeza rezista. Kwenye alteneta nyingi, umeme unaopita kwenye balbu ile ndio unaoiamsha. Swichi za oili na joto nazo hupata hasi kupitia bloku, kwa hiyo nyuzi zake usizizungushie tepu nyeupe ya bomba.

Kabla ya kupima, funga vali ya maji ya bahari. Ukipiga stata muda mrefu injini haijawaka, pampu inajaza maji kwenye mafla, na yanaweza kurudi hadi kwenye silinda. Vuta kamba ya kuzimia, piga stata sekunde tano, multimita ikiwa kati ya chanya ya betri na bolti ya stata. Kisha rudia kati ya hasi ya betri na bloku. Ukisoma zaidi ya volti 0.5 upande wowote, kuna muunganisho haujakaza au kebo nyembamba. Ufunguo ukiwashwa injini ikiwa imezimwa, taa ya oili, taa ya chaji na king'ora vyote lazima viitike. Fungua vali tena ndipo uwashe.