Walikiunguza kisu changu: uzoefu wangu na duka la kunoa visu

Ukiwa na kisu cha springi, kile cha kufuliwa na mhunzi kutoka kwenye springi ya gari, usimpe mtu anayenoa kwa grenda kavu, hata duka lake liwe zuri namna gani. Changu kilirudi kinang'aa kama sahani ya harusini, na hakikati.

Kilishika kutu masika yaliyopita. Nilikuwa mkoani kwenye msiba, nyumba imefungwa, na anayeishi Dar es Salaam anaijua hewa yetu: unyevu na chumvi, chuma kisichopakwa mafuta hakidumu. Ilikuwa kutu ya juu juu, nyekundu, inayotoka ukisugua kwa kidole gumba. Chini yake bado kulikuwa na ile rangi nyeusi ya kibluu ambayo kisu hujijengea kwa kukata vitunguu, nyama na ndimu miaka nenda rudi. Rangi ile ni ngozi ya kisu. Kikiwa nayo, kutu nyekundu haikiingii kirahisi.

Kutu ningeimaliza mwenyewe kwa siki. Tatizo ni kwamba makali yalikuwa na mapengo na ncha imeliwa, nikaona kazi hiyo ni ya fundi. Nikaenda duka moja mjini, jina silitaji, wanaojitangaza kwamba wanafufua visu vilivyooza kwa kutu. Nikamweleza aliyenipokea: toeni kutu, nyoosheni makali, tumieni jiwe la maji, hiyo nyeusi iacheni. Akaitikia, "Sawa mama, usiwe na wasiwasi."

Nilipokwenda kukichukua kilikuwa cheupe chote. Nyeusi yote wameikwangua. Na kwenye makali, kuanzia katikati mpaka ncha, kulikuwa na utepe wa bluu na zambarau, juu yake umanjano. Nikauliza hii ni nini. Nikajibiwa ni rangi tu, itatoka nikiosha.

Haikuwa rangi tu, na fundi wa visu asiyelijua hilo hafai kupewa kisu cha mtu! Mhunzi hukipasha chuma mpaka kiwe chekundu, akakizamisha ghafla kikawa kigumu, halafu akakipasha tena kwa moto mdogo, karibu nyuzi 200 za Selsiasi, ili kisivunjike kama kioo. Ugumu wote wa makali unatoka hapo. Chuma kikipata bluu maana yake kimefika karibu nyuzi 300, na ule ugumu umepungua. Ukingo wa kisu ni mwembamba, ukiubana kwenye grenda bila maji unafika huko ndani ya sekunde chache. Unaweza kuisugua bluu ikatoka kabisa, chuma kikabaki laini vilevile.

Na kweli, nyanya kilikata vizuri. Nilipofika kwenye viungo vya kuku makali yakalala, ukipitisha ukucha unasikia yamejikunja upande mmoja. Kesho yake asubuhi kilikuwa na madoa ya kutu mapya, kwa sababu kimebaki uchi.

Nikakirudisha. Mwenye duka hakuinua macho kwenye simu. Akasema, "Mama, kisu chenyewe cha mtaani. Nenda Kariakoo ununue kipya, bei rahisi." Cha mtaani! Kisu kile kilifuliwa na mhunzi wa Tanga kutoka kwenye springi ya lori, chuma kilichobeba mizigo barabarani kabla hakijaingia jikoni kwangu, na mzee yule alikipiga nyundo mbele yangu, akawa anakiangalia rangi motoni ili asikiharibu. Visu visivyoshika kutu navijua, vipo tangu mwaka 1913 Harry Brearley alipotia kromiamu kwenye chuma kule Sheffield, na kwenye droo ninavyo. Sikwenda pale kuulizia visu hivyo. Nilikwenda na kisu changu, nikawalipa, wakakiunguza, halafu wakamtukana aliyekitengeneza.

Nilikuwa nimeamua kuwapa nyota mbili. Ncha waliirudisha vizuri, hilo nasema kwa haki, na mpini uliokuwa unacheza waliukaza ukakaa imara. Lakini kila nikilikumbuka lile neno naona mbili ni nyingi mno. Nyota moja.

Na hiyo moja nampa kijana wao, si wao. Nilipokuwa natoka alinifuata nje, akaniamkia, akasema taratibu kwamba kilichoungua ni ukingo tu na ndani chuma bado kizima. Nikisage kwa mkono kwenye jiwe lililolowa, nivuke hapo palipokuwa na bluu, na niwe napima kwa tupa: tupa ikiuma kirahisi, bado pamelegea, ikianza kuteleza, nimefika. Akaniambia anajua kunoa kwa maji ila pale wanataka kazi ya haraka. Kijana huyu akifungua kibanda chake nitampelekea visu vyote vya nyumbani, na majirani nitawaleta.

Nimefanya alivyosema. Kutu mpya niliiondoa kwa siki, nikiwa nakitazama kila mara, kwa sababu siki ikiachwa usiku kucha inakula na chuma chenyewe. Nikasugua kwa stiliwaya, nikaosha kwa maji yenye magadi soda kidogo kuua ile asidi, nikakikausha juu ya jiko, nikapaka mafuta ya nazi. Kazi ya jiwe ndiyo iliyonichosha mikono, jioni baada ya jioni. Upana umepungua, ukikiangalia unaona. Ila sasa viungo vya kuku vinaachia, na baada ya kukata vitunguu vya pilau rangi ya kijivu imeanza kurudi ubapani.

Kwa hiyo msije mkasema lile duka lilikifufua kwa vile leo kinakata. Kinakata baada ya kuondoa kila walichokigusa, isipokuwa ncha na mpini. Pesa yangu hawajanirudishia, na bado naidai.