Sijawahi kukopa kwao, lakini wananidai

Hii programu ya mikopo ya simu sijawahi kuipakua. Sijui ina rangi gani wala inafunguliwaje, na anayetaka kujua riba yake akasome mwenyewe. Mimi ni fundi bomba, kazi zangu nyingi ziko upande wa Kimara, Dar es Salaam. Huduma niliyoionja ni ile wasioitangaza: kudaiwa deni la mtu mwingine. Kwa hiyo naona nina haki ya kutoa maoni kuliko hata hao wateja wao.

Ilikuwa mchana, kipindi cha mvua. Nimelala chali chini ya sinki la watu, maji yananichuruzikia shingoni, simu ikaita. Namba ngeni. Kwa fundi namba ngeni ni kazi, huwezi kuiacha ikaita mpaka ikakatika. Nikajipangusa mkono, nikapokea.

"Naongea na Fundi Bomba Tenki?"

Nikachangamka. Najua watu wamenihifadhi hivyo: Fundi Bomba, Fundi Tenki, Fundi Choo, na yupo mmoja kaniandika Fundi Muongo na bado ananiita. "Ndiyo dada yangu, karibu."

Akataja jina la mama mmoja niliyemfungia tenki. Namfahamu? Namfahamu. "Basi mwambie alipe hela za watu leo kabla ya saa kumi. Na wewe ndiye mdhamini wake, akishindwa tunakuja kwako."

Nikamwambia dada, mimi sijasaini udhamini wa mtu yeyote. "Sasa namba yako tumeitoa wapi? Mbona watu wazima mnapenda kula hela msizozitolea jasho?"

Jasho! Ananiambia mimi habari za jasho. Sauti ni ya binti wa rika la mwanangu wa kwanza. Shikamoo sikuitegemea, lakini hata "samahani kwa usumbufu" imemshinda. Nikamuuliza anaitwa nani na ofisi yao iko mtaa gani. Akacheka. "Mwambie mwenzako alipe, baba, msitusumbue." Akakata. Yaani kanipigia yeye, halafu msumbufu ni mimi.

Nikaizuia ile namba. Ikaja nyingine. Nikazuia na hiyo, wakaja kwa meseji, mara naitwa mdhamini, mara ndugu wa mdaiwa, mara "mshirika wake". Kisha nikajikuta nimeingizwa kwenye grupu la WhatsApp lenye picha ya yule mama kashika kitambulisho chake cha NIDA, na juu yake maandishi mekundu: TAPELI. Nikatazama tulio ndani. Mwenyekiti wa jumuiya yake ya kanisani. Mwalimu wa mtoto. Shemeji yake. Kijana wa bodaboda. Mimi. Muuza mkaa naye yumo, na sitamsahau, maana wakati wengine wanajitoa kimya kimya yeye aliitumia nafasi kutangaza kwamba mzigo mpya umeingia.

Hapo ndipo nikaelewa kwamba udhamini ni uongo mtupu. Wamechukua majina yote yaliyomo kwenye simu ya yule mama, basi. Unapoifungua programu inakuuliza kama unairuhusu isome majina, na ukikataa haikupi hela. Mtu mwenye shida atabonyeza Ruhusu hata akiambiwa aruhusu kuota kwake usiku. Yeye simlaumu. Lakini hapo alipobonyeza, nani aliniuliza mimi? Namba yangu nilimpa ili maji yakikatika anipigie. Kwangu haikuja sehemu ya kubonyeza Kataa. Watu wanasema "soma masharti kabla ya kukubali"; haya, mimi ninayekubaliwa na mwingine nisome masharti yapi? Na simu za mafundi ndizo zinaumia zaidi, kwa sababu tumo kwenye kila nyumba. Wateja wangu wakikopa kumi, mimi nina madeni kumi.

Msiniambie hakuna sheria. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Google nao mwaka huohuo wa 2023 walikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lao la Play zisisome majina wala picha za simu ya mkopaji. Ndiyo maana hii yule mama aliipata kwa kiungo alichotumiwa WhatsApp, dukani haikupita. Mwishoni mwa 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni na kuzipiga marufuku. Nimelitafuta jina la hii kwenye orodha, halimo. Labda ilizaliwa baadaye, labda ni ileile imebadili shati. Kitu kisicho na ofisi, kinachopiga kwa laini mpya kila asubuhi, kubadili jina ni kazi ya dakika tano.

Nyota moja, basi.

Ila nisiwe mnafiki. Yule mama nilikutana naye baadaye, akanieleza. Mtoto alirudishwa nyumbani, hela inatakiwa kesho yake. VICOBA wanakutana kwa siku yao, haikuwa siku yao. Benki wanataka dhamana. Kwa jirani alishakopa. Programu ikampa palepale usiku, haikumuuliza anaishi na nani wala kumwangalia juu mpaka chini. Aliomba laki moja, ikaingia pungufu karibu theluthi, siku saba zikaanza kuhesabiwa, lakini mtoto alirudi darasani. Watu wanaita mikopo hii kausha damu na wanaipokea hivyohivyo, kwa sababu damu inayokaushwa ni ya wiki ijayo. Nikasema moyoni labda niwape mbili. Siyo tatu. Mbili.

Kisha akaniambia amewalipa. Vipi? Amekopa programu nyingine. Na ile elfu thelathini yangu ya tenki, niliyoidai kistaarabu tangu kabla ya mvua, kwa "mama habari za leo" na "ukipata utanikumbuka", bado. Mimi ninayeomba kwa adabu nangoja, wao waliomvua nguo mbele ya mwalimu na kanisa lake wamelipwa hadi senti ya mwisho. Maana yake lile binti lililonicheka linajua kazi yake. Kumdhalilisha mtu ndiyo huduma yenyewe, mkopo ni chambo tu. Nyota zote nimezirudisha mfukoni.

Yule mama sasa akiniona anavuka barabara. Si kwa ajili ya elfu thelathini. Anajua niliiona ile picha. Siwezi kumpigia kumdai, atadhani ni wale.

Wengine wananishauri nibadilishe laini. Hii namba nimeipaka kwa rangi kwenye kuta za nusu ya mtaa, iko kwenye mkokoteni wangu, iko kwenye mfuniko wa tenki la kila mtu niliyemfungia. Nibadilishe nile nini? Nilichofanya ni kuwaambia wateja wapya wasiihifadhi kwenye simu. Iandikeni ukutani kwa mkaa, pale karibu na mita. Yule mzee wa Kimara Korogwe aliyecheka nilipomwambia hivyo juzi, nampa taarifa: shemeji yako amekopa, nimeshapigiwa.