Programu iliyoniambia "zimekamilika" huku ukurasa wa mteja ni mweupe

Nililipia. Naanza na hilo ili asije mtu akaniambia kitu cha bure hakilalamikiwi. Jina la programu nalihifadhi. Ni hizi programu za kuhamishia mafaili ambazo kushoto unaona kompyuta yako, kulia unaona seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), na chini kuna foleni ya mafaili yanayosubiri zamu. Kwa kama miaka miwili ndiyo niliyotumia kupakia tovuti za wateja wangu hapa Tanga, na kabla ya usiku ule ungeniuliza ningekuambia inunue.

Usiku wenyewe ulikuwa wa masika, mvua inapiga bati, mtandao unakuja na kupotea. Nilikuwa napakia mwonekano mpya wa tovuti ya nyumba ya wageni iliyoko Pangani, mafaili sitini na kitu. Asubuhi nilikuwa nimeshayahariri yote na kuyajaribu kwenye laptopu yangu, hayana tatizo. Katikati ya kupakia, bando likakata. Nikajiunga lingine, programu ikaunganika tena na seva yenyewe, foleni ikaisha, ujumbe ukatokea: kazi zote zimekamilika. Hakuna wekundu, hakuna onyo. Nikafunga laptopu nikaenda kula.

Saa nne usiku simu ikaita. Mwenye nyumba ya wageni, mama mtu mzima ambaye hajawahi kunipigia usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona huku kwangu kweupe?"

"Kweupe vipi, mama?"

"Kweupe tu. Hakuna picha, hakuna maandishi. Na kuna Wajerumani wameniandikia, wanasema wanashindwa kuweka nafasi."

Nikafungua mwenyewe. Kweupe kweli. Nikapakia upya. Zimekamilika. Kweupe. Nikapakia folda nzima kwa mara ya tatu, ikaniambia zimekamilika, na bado kweupe. Nikaanza kuushuku msimbo wangu, nikashuku toleo la PHP (lugha ya msimbo inayoendesha tovuti) kwenye seva, nikaingia kwenye databesi kutafuta kosa ambalo halikuwako. Karibu saa nzima ilipotea hapo. Mama akapiga tena, akasema neno moja: "Bado?"

Ndipo jicho langu likatua kwenye safu ya ukubwa. Upande wangu, index.php, faili linalofungua tovuti, lina KB 41. Upande wa seva: 0.

Sifuri. Jina lipo, tarehe ipo, ndani hamna hata herufi moja. Bando lilipokata, seva ilikuwa imeshalifungua lile faili ili iliandike upya, na kwa FTP (njia ya zamani ya kuhamishia mafaili kwenye seva) kufungua huko kwa kawaida ndiko kunakofuta kilichokuwamo. Maudhui mapya hayakufika. Likabaki ganda. Mpaka hapo simlaumu mtu, mtandao wetu naujua.

Kilichoniuma ni kilichofuata. Programu ilikuja na kanuni yake iliyowekwa tangu mwanzo: faili likikutwa kwenye seva, andika juu yake ikiwa tu la kwako ni jipya zaidi. Sasa lile ganda lilizaliwa usiku, faili langu nililihariri asubuhi. Kwa hesabu ya programu, ganda ndilo jipya. Kwa hiyo kila nilipopakia, ililiruka index.php kimyakimya, na faili lililorukwa ikalihesabu pamoja na yaliyofika. Mara tatu! KB 41 kushoto, sifuri kulia, vyote viwili inaviona, halafu inaniambia zimekamilika. Nililifuta lile ganda kwa mkono, nikapakia faili moja, na tovuti ikarudi kwa muda mfupi kuliko niliotumia kuandika sentensi hii.

Nikawaandikia watengenezaji. Niliandika kwa adabu, nikaeleza hatua zote, nikaambatisha picha ya safu zile mbili. Baada ya siku kadhaa yakaja majibu ya mistari miwili: programu inafanya kazi kama ilivyokusudiwa, na nihakikishe nina intaneti ya uhakika. Basi. Hata pole hakuna. Mtu anayekaa penye intaneti isiyokatika ananiambia mimi wa Tanga, msimu wa masika, nihakikishe.

Na hiyo "kama ilivyokusudiwa" siikubali. Rsync, programu nyingine ya kuhamishia mafaili, ilitoka mwaka 1996, na yenyewe huandika kwanza faili la muda pembeni, likishafika lote ndipo inalipa jina halisi. Ukikatika katikati, la zamani lipo salama. FTP yenyewe ina amri za kubadilisha jina la faili, zimo kwenye waraka wake wa mwaka 1985, RFC 959. Kwa hiyo njia ya kupakia kwa jina la muda halafu kulibadilisha ilikuwapo miaka yote hii. Fundi gani anavunja nyumba ya mtu wakati matofali ya mpya bado yako barabarani?

Nitende haki: kwa kazi ya kila siku ni nyepesi, inakumbuka folda niliyoishia, unafungua faili la seva, unasahihisha, linarudi lenyewe. Nilipoanza kuandika hapa nilikuwa nimepanga kuipa nyota tatu, kwa sababu miaka miwili imenilisha. Lakini nikikumbuka ile "Bado?" ya mama, tatu ni nyingi. Wale Wajerumani walilala kwingine. Yeye hakunidai chochote, alisema "Mungu ataleta wengine, mwanangu," na nilipunguza bei ya kazi ile bila kuombwa. Nyota moja. Na hiyo moja ni ya ule wepesi.

Sasa natumia programu ya WinSCP kwa njia ya SFTP, njia salama ya kuhamishia mafaili. Hapo faili kubwa linapanda likiwa na mkia wa .filepart, na linapata jina lake likishafika lote. Kwa kawaida hufanya hivyo kwa mafaili yanayozidi KB 100 tu, kwa hiyo kama mtandao wako ni kama wangu, ingia kwenye mipangilio uwashe kwa mafaili yote, la sivyo hata index.php langu la KB 41 lisingekingwa. Na programu yoyote unayotumia, ukimaliza kupakia panga upande wa seva kwa ukubwa, madogo juu. Sifuri zitakaa mbele ya macho yako.

Ile ya zamani imeniletea ukumbusho wa kulipia mwaka mwingine. Sijalipa.