Huduma ya hipnosi Mwanjelwa: kutuliza sawa, kufukua utoto hapana

Kituo hiki cha hipnosi (hali ya akili kuzama na kulegea huku ukiongozwa na maneno ya mhudumu), ambacho sitakitaja jina, kipo ghorofani maeneo ya Mwanjelwa jijini Mbeya, na kinahudumia wenye msongo wa mawazo, wanaokosa usingizi na wanaotaka kuacha sigara. Kikao cha saa moja ni shilingi 40,000. Chumba ni safi, na kelele za bajaji hazifiki sana.

Mhudumu alieleza vizuri kwamba hipnosi si uchawi wala si usingizi kamili. Alitoa mfano wa dereva wa lori aliyetoka Makambako, ambaye hushtuka amefika Chimala wala hakumbuki kuipita Igawa, ingawa alishika usukani muda wote. Mfano ni mzuri, ila una pengo: dereva yule amezama peke yake, hakuna anayemnong'oneza la kuamini, ilhali kwenye kiti cha kituo yupo mtu anayezungumza nawe wakati umelegeza ulinzi wa akili.

Kutulizwa kwenyewe kulinifaa. Aliniongoza kuhesabu pumzi, akaniambia mkono wa kulia unakuwa mzito, na kweli ukawa mzito hata sikutaka kuunyanyua. Nilipozinduka nilihisi kizunguzungu. Akaniketisha, akanipa maji, akanizuia kuondoka hadi kilipoisha. Hapo namsifu.

Kasoro ilijitokeza aliponishawishi nilipie kikao cha pili, cha "kurudishwa utotoni" ili tupate chanzo cha hofu zangu. Nilikataa. Hipnosi haifungui ghala la kumbukumbu. Mtu aliye katika hali hiyo huweza kujaza mapengo kwa alichodokezwa, kisha akaapa kwamba kilitokea, na familia ikaparaganyika kwa tuhuma zisizo na msingi. Ndiyo maana mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya jimbo la California, Marekani, iliukataa ushahidi wa shahidi aliyekumbushwa kwa hipnosi.

Jingine, hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kusikia sauti zisizokuwepo au kama natumia dawa za akili, wakati kwa wagonjwa wa namna hiyo hipnosi inaweza kuzidisha hali. Wao waanzie kitengo cha afya ya akili hospitalini.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaiongeza watakapoanza kuuliza historia ya afya ya mteja kabla ya kupokea fedha yake.