Wiki sita na Montage 8, halafu nikanunua kingine

Kinanda cha milioni kumi kilikaa sebuleni kwangu wiki sita. Wiki ya kwanza sikukigusa bila kunawa mikono.

Hakikuwa changu. Kaka mmoja aliyenitangulia miaka mingi kwenye kazi hii alipata mkataba wa kupiga hotelini Muscat, na kule vyombo unavikuta. Akaniachia Yamaha Montage 8 yake. "Mdogo wangu, kaa nacho," akasema. "Nikirudi, ama unanipa milioni saba, ama unanirudishia kinanda. Kikikwaruzika hatuna mazungumzo tena, ni chako." Nilikuwa nakitamani tangu kilipotoka mwaka 2016, kwa hiyo nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Nieleze kwanza napiga wapi, maana usipojua hilo maoni yangu hayatakufaa. Jumapili nipo na kwaya parokiani. Ijumaa na Jumamosi usiku tuna bendi ya hotelini, zilipendwa na rumba kwa wingi. Katikati ya hapo kuna sherehe za watu, sendofu na vipaimara, ambako mara nyingi napiga peke yangu na mwimbaji mmoja. Kazi zote hizo nilikuwa nazifanya kwa Yamaha PSR-S770, kinanda chenye staili zake za ngoma na besi ndani. Nilikuwa nimekichoka. Wapiga kinanda wenzangu walikuwa wakija na vyombo vikubwa vyeusi vyenye skrini, mimi nikiona aibu kufungua begi langu.

Hiyo milioni kumi sikuitoa hewani. Montage 8 mpya ilikuwa ikiuzwa dola 3,999 Marekani. Zigeuze ziwe shilingi unapata karibu milioni kumi, hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Kwa hiyo milioni saba ya kaka ilikuwa bei ya undugu.

Kinanda chenyewe ni kizuri, tusidanganyane. Vibonye vyake 88 vina uzito unaokaribia wa piano. Ukikigusa kidogo kinanong'ona, ukikitandika kinalia, na hapo katikati kuna ngazi nyingi ambazo vidole vyangu havikuwa vimewahi kukutana nazo. Usiku watoto wakilala navaa hedifoni napiga piano mpaka saa nane. Ndani kuna mitambo miwili ya sauti. Mmoja unatumia sauti zilizorekodiwa, wenye gigabaiti 5.67 za sauti hizo, wakati Motif XF ya 2010, iliyoitangulia, ilikuwa na megabaiti 741. Mwingine ni FM-X, mjukuu wa ile DX7 ya 1983 iliyoleta piano ya umeme yenye kengele kengele tunayoisikia kwenye nyimbo za polepole za miaka ya themanini. Ukizichanganya hizo mbili, halafu ukazungusha kile kitufe kikubwa cha Super Knob, sauti inajifungua kama mtu anayefungua mapazia taratibu.

Kilichoniteka kabisa ni kubadilisha sauti bila kukatika. Wengi wetu tumezoea kuinua vidole kidogo kabla ya kubadilisha, ili waumini wasisikie mkwaruzo. Kwenye Montage nilishikilia kodi ya ogani, zile noti kadhaa za pamoja, mwishoni mwa wimbo wa matoleo, nikagusa skrini, nikaanza kupiga kwa sauti ya nyuzi huku ogani bado inaning'inia hewani na kufifia yenyewe. Mwalimu wa kwaya aligeuka akanitazama. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi, huwa anageuka nikikosea tu.

Sasa njoo kwenye ngazi.

Montage 8 ina kilo 29 ikiwa uchi. Weka na sanduku lake la mbao lenye kona za chuma, unabeba karibu mtu mzima. Urefu wake ni mita moja na sentimita 45, kwa hiyo ukiilaza kwenye kiti cha bajaji inatokeza nje kusalimia daladala. Nililazimika kukodi kirikuu kila safari, elfu thelathini kwenda na kurudi, wakati begi la PSR nalivaa mgongoni napanda bodaboda. Ukumbi wa hotelini kwetu uko ghorofa ya tatu na lifti ni ya wageni. Ijumaa ya kwanza nilipanda ngazi zile na mpiga ngoma, tukapumzika kila kituo. Nilipoketi kupiga mikono ilikuwa inatetemeka, na wimbo wa kwanza niliupiga kama mwanafunzi.

Halafu fundi mitambo akaniambia miksa imejaa, ana chaneli moja tu ya kunipa. Moja! Piano iliyorekodiwa kwa stereo, yaani kushoto na kulia, iliyonikesha nyumbani na hedifoni, nikaibana ipite kwenye waya mmoja kwenda spika mbili za zamani. Ukiibana hivyo piano ya stereo inapoteza mwili, inakuwa nyembamba. Sauti ya milioni kumi ikatoka kwenye spika ikiwa imevaa kandambili.

Jumamosi nikapeleka PSR makusudi. Nyimbo zilezile, spika zilezile. Sikumwambia mtu. Mwisho wa onyesho nikamuuliza mpiga besi, ambaye masikio yake nayaheshimu, kama amesikia tofauti. Akafikiri, akasema, "Jana ulikuwa unapiga chini kidogo, eh?" Alikuwa anazungumzia ukubwa wa sauti.

Tukio la tatu ndilo lililonifungua macho, na hapa najilaumu mwenyewe maana nilijua toka mwanzo. Kulikuwa na kipaimara, mimi na mwimbaji peke yetu, nikaona nikatambe na kinanda kikubwa. MC akapaza sauti, "Mwanamuziki, tupe sebene, wazazi wanaingia!" Vidole vikaenda kutafuta kitufe cha kuanzisha staili. Hakipo. Montage haina staili. Ina maelfu ya apejio, yaani vipande vifupi vinavyojirudia vyenyewe ukishika vibonye, zingine za ngoma, na ukikaa nazo nyumbani unaweza kupanga kitu kizuri sana. Lakini ile ya kubonyeza ikaingia ngoma, besi na gitaa, zikakufuata kila unapobadilisha kodi, kisha zikamalizia zenyewe, hiyo ni kazi ya vinanda vya familia ya PSR na Genos, au Pa za Korg. Wazazi waliingia kwa ngoma moja iliyojirudia kama pampu ya maji, mkono wangu wa kushoto ukihangaika na besi.

Wengi tunachanganya hapa, tunadhani kinanda ghali kina kila kilichomo kwenye kinanda rahisi, na zaidi. Wekistesheni, yaani kinanda cha aina ya Montage, imetengenezwa kwa mtu anayetunga na kurekodi, ala moja juu ya nyingine, chombo kimoja kikiwa studio nzima. Korg M1 ya 1988 ndiyo iliyowazoesha watu hivyo. Na Montage yenyewe ilizaliwa bila ile sikwensa pana, sehemu ya kurekodi na kupanga wimbo ndani ya kinanda, ya Motif iliyoitangulia. Mimi nikirekodi natumia laptop, kwa hiyo sehemu kubwa ya mambo hayo sikuyafungua hata siku moja. (Laptop kuitumia jukwaani nilishajaribu. Ilianza kujisasisha katikati ya onyesho. Tusiendelee.)

Nikachukua daftari. Hotelini napata laki moja na nusu kwa usiku. Milioni saba ni kama usiku 47, ukitoa kirikuu ni karibu 58, na hapo sijala. Mama watoto alitazama hesabu hiyo, akauliza swali moja tu: wataniongeza malipo nikija na kinanda hiki? Nilijua jibu, sikulitamka.

Lakini masikio yalikuwa yameshaharibika, sikuweza kurudi PSR tupu. Nikaanza kuzunguka. Kuna mtu alinionyesha Motif iliyotumika, bei ya kuchekesha, imetoka Japani. Geuza nyuma usome kabla hujatoa pesa. Vya kule huwa vya volti 100, na umeme wetu ni 230. Namfahamu mwenzetu mmoja aliyechomeka chake siku ileile alipokitoa bandarini, kikatoa moshi kabla hajapiga noti. Ulizia pia kinachukua muda gani kuwaka. Korg Kronos, kwa mfano, ni chombo cha ajabu, lakini ndani yake ni kompyuta inayotumia Linux, na inahitaji kama dakika mbili kuamka. Umeme ukikatika katikati ya misa, dakika mbili ni homilia nzima. UPS ndogo, ile betri ya akiba, inatatua hilo, ila iweke kwenye bajeti kabisa.

Mwishowe nikakutana na MODX7, mdogo wake Montage, aliyetoka 2018. Imetumika, milioni tatu na nusu. Nilikaa nayo dukani saa nzima na hedifoni, nikitafuta ilipopunguzwa. Gigabaiti ni zilezile 5.67, piano ni ileile, FM-X ipo, Super Knob ipo. Kilichopungua ni mwili wa chuma, vitelezi vinne badala ya vinane, na ule ujanja wa kubadilisha sauti bila kukatika unafanya kazi ukiwa umepanga sauti nne, siyo nane. FM-X inatoa noti 64 kwa mpigo, Montage 128. Mimi nina vidole kumi. Ina kilo 7.4.

Ninachokikosa kweli ni vibonye. Vya MODX7 ni vyepesi, na ukishabonyeza ukakandamiza tena havisikii lolote, wakati kwenye Montage ukikandamiza hivyo unaweza kuifanya tarumbeta ipandishe au itetemeke. Kwa solo za rumba nililipenda sana jambo hilo. Sasa natumia gurudumu la pembeni, na siyo sawa. Nikipiga piano ya taratibu nyumbani ndipo navikumbuka vile vizito, hasa usiku. Kama ningekuwa na studio, au napiga sehemu moja ambapo kinanda hakihami na fundi mitambo ana chaneli mbili, ningetoa ile milioni saba na kulala vizuri. Watu wa namna hiyo wapo.

PSR sikuiuza. MODX inaenda kanisani na hotelini, sherehe bado ni za mzee. Nilinunua kinanda kipya ili nisione aibu kufungua begi, na begi lenyewe linaendelea kutoka nyumbani mara mbili kwa mwezi.

Kaka aliporudi alikagua Montage yake kwa tochi ya simu, kona kwa kona, akiwa amepiga magoti sebuleni. Hakukuta mkwaruzo.

"Umeshindwa bei?"

"Bei ningekopa, kaka. Nimeshindwa ngazi."

Akacheka, kisha akaniuliza kirikuu kimeegeshwa wapi, maana yeye mgongo unamsumbua siku hizi.