Starter Set ya D&D ya 2014: zile karatasi tano ndo mpango mzima

Mi nilishachoka kufundisha watu Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani, mmoja anasimulia hadithi na wengine wanaigiza wahusika kwa kurusha dadu) kwa kile kitabu kikubwa cha wachezaji, kina kurasa zaidi ya 300 na mtu akifika ya kumi tu macho yanaanza kumlegea, so safari hii nikachukua boksi la Starter Set la 2014 nikakaa sebuleni na mdogo wangu, shemeji na majirani wawili ambao dadu ya pande 20 hawajawahi hata kuiona.

Ndani kuna kijitabu cha sheria kurasa 32, hadithi kurasa 64, dadu 6 na karatasi 5 za wahusika walioshatengenezwa, wapiganaji wawili, kuhani, mwizi na mchawi. Hizo karatasi ndo mali yenyewe jamani. Mtu anachagua tu, anasoma katoka wapi, anataka nini, udhaifu wake upi, na akipanda mpaka levo ya 5 anaongezewa nini.

Shemeji akachukua mwizi. Hadithi inaanza njiani, farasi wawili wamekufa wana mishale mwilini, mara magoblini wanne, vijitu vikorofi vya hadithini, wanaibuka vichakani. Sikumwambia sheria yoyote, nikamuuliza tu "shemeji unafanya nini?" Akasema najificha nyuma ya farasi. Zamu iliyofuata akafyatua mshale toka mafichoni, nikamwambia rusha ile ya 20 mara mbili chukua kubwa, ikapiga, hapo ndo nikamwekea kidole kwenye mstari wa Sneak Attack, yaani shambulio la kuvizia, nikampa dadu ya pande 6 ya kuongezea. Hajaniuliza tena mpaka leo. Sheria ikija pale mtu anapoihitaji haimtoki kichwani.

Mchawi ndo kazi. Mdogo wangu alikuwa anachanganya uchawi anaoujua na zile nafasi mbili za kuutumia, karatasi inaeleza ila kwa mtu mgeni haiingii haraka, basi nikamwekea vifuniko viwili vya soda mezani, ukipiga uchawi kama Magic Missile nirudishie kimoja, vikiisha unabaki na ule uchawi mdogo usioisha, mpaka ulale. Dakika mbili kaelewa.

Kinachokosekana ni sheria za kutengeneza mhusika wako mwenyewe, hizo itabidi upakue Basic Rules za bure intaneti. Halafu dadu ya 20 ni moja tu, meza nzima mnapokezana, tafuteni nyingine. Na ile vita ya kwanza ni kali kwa levo ya 1, mchawi mishale miwili tu kalala, kwa hiyo waambie mapema kwamba uhai kufika sifuri sio kufa papo hapo, kila zamu unarusha dadu na ukifaulu mara tatu unatulia.

Kwa anayeanza, boksi hili nalipa nyota tano bila kusita. Shemeji kaondoka na karatasi yake kwenda nayo kwao, anasoma ile levo ya 2 ambayo ataweza kupiga na kujificha zamu hiyohiyo.